Mlango Uliojibu Sijambo

Sikudhani aliutia mkono kwenye udongo wa bustani ya ghorofa ya tisa, akautoa mkavu. Mchicha ulikuwa umelala. Matembele yalikuwa yamejikunja kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Hata mpapai ambao wanawake wa ghorofa ile waligombea matunda yake kabla hayajaiva ulikuwa umepukutisha majani yote, umebaki na shingo tupu.

"Usiniangalie mimi," alisema Makame, fundi maji wa jengo. "Mimi nafungua bomba tu. Mwenye kugawa ni yeye."

Akaelekeza kidevu ukutani, ambako mzizi wa mkuyu, mnene kama paja la mtu mzima, ulipita kimya ukielekea juu.

Mnara wa Mkuyu haukujengwa tu, uliota. Sikudhani ndiye aliyeuchora. Kwanza zilisimamishwa nguzo za chuma pale Gerezani, katikati ya Dar es Salaam, halafu mikuyu ikapandwa miguuni mwa zile nguzo na kuelekezwa kwa miaka, tawi kwa tawi, hadi ikashikana na chuma ikawa kuta. Chini palikuwa na soko na mafundi cherehani, juu ya soko zahanati na shule ya chekechea, na juu zaidi nyumba za watu, kila ghorofa na bustani yake. Mikuyu ilikunywa maji machafu ya jikoni na bafuni, ikayachuja, ikayarudisha masafi. Ilipoza korido bila mashine. Nyuzi za uyoga, nyembamba kuliko nywele, zilipeleka habari kutoka mzizi hadi mzizi, na kompyuta iliyoitwa Kiini ilizisoma habari hizo ikaamua kila siku nani apate maji kiasi gani. Mwaka huu vuli ilikuwa imepita bila kunyesha wala kuaga, kwa hiyo mgao ulikuwa mdogo. Lakini mdogo si kama hakuna.

"Kiini hakiwezi kuinyima ghorofa nzima," alisema Sikudhani kwa ile sauti yake ndogo ambayo watu walizoea kumwambia airudie.

"Unasemaje?"

"Nasema hakiwezi."

"Basi njoo uone kisichowezekana." Makame akamsogezea kishikwambi. Mistari ya buluu ya maji ilikuwa imetapakaa kwenye ramani ya jengo, lakini katika ghorofa ya tisa yote iliacha bustani, ikakusanyika kwenye mlango mmoja. "Kwa bibi yako."

"Kwa Bi Mwanamvua? Afanye nini na maji yote hayo?"

"Labda anafuga kiboko."

Sikudhani alicheka kidogo, kwa adabu. Hakujua kwamba hicho ndicho kingekuwa kicheko chake cha mwisho siku ile.

*

Alipokuwa akiuchora mnara, Sikudhani aliogopa jambo moja kuliko tetemeko na kuliko moto. Aliogopa kwamba mtu ataamka akute mzizi kitandani kwake. Nani atakubali kulala na kitu kinachoingia kipendavyo? Kwa hiyo aliutia mti adabu. Kila mlango ulipewa kipaza sauti kidogo chenye kinasa sauti, na ikawa sheria ya Kiini kwamba mzizi ukitaka kuvuka kizingiti sharti ubishe hodi. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu asipojibu "karibu", mzizi ugeuke urudi ulikotoka, kama mgeni yeyote mwenye malezi.

Mwanzoni wapangaji walicheka, baadaye wakaupenda. Waliwaleta ndugu zao kutoka Mbagala na Kigogo waje kuusikia ule mti wenye adabu. "Hodi," ungesema mlango, na mama angejibu huku akikuna nazi, "Karibu, baba, ingia, joto limezidi." Mzizi ungechungulia juu ya dari na kupumua ubaridi.

Sauti ya mti ilikuwa ya Bi Mwanamvua. Kiwanja kile kilikuwa chake kabla ya mnara, chenye nyumba ya vyumba vinne na bati lenye kutu. Masika nzima, kabla nyumba haijavunjwa, Sikudhani alikaa naye ukumbini akimrekodi ili Kiini kijifunze namna watu wanavyoishi na milango yao. Hodi. Karibu. Hujambo. Sijambo. Pole. Masimulizi, matusi aliyowatukana kuku, kila kitu.

"Mti hauna mdomo, nitauazima wangu," Bi Mwanamvua alisema. "Ila usije ukaniharibia."

*

Wakasimama mbele ya mlango wake. Sikudhani akavuta pumzi.

"Hodi, hodi! Shikamoo, Bi Mwanamvua."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, bibi. Na wewe hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Nimepumzika tu."

Ndivyo alivyojibu wiki iliyopita, na ile ya kabla yake. Siku zote Sikudhani alisema, "Haya, bibi, nitapita tena," akaondoka na moyo mweupe. Leo alikuwa na shida ya maji.

"Samahani, bibi, tunaomba kuangalia bomba lako. Bustani imekauka."

"Sijambo, mwanangu. Nimepumzika tu."

Makame akainua nyusi. "Leo ana usingizi kweli."

Lakini Sikudhani alikuwa amelisogeza sikio hadi likagusa ubao. Kabla ya lile neno *tu* palikuwa na kikohozi. Kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu mwenye mafua ya masika. Alikijua. Alikuwa amejaribu kukiondoa kwenye rekodi akashindwa, akakiacha, akasema moyoni kwamba kinapendeza. Na nyuma ya kikohozi, mbali, kulikuwa na sauti nyingine, kama mchele unaomwagwa kwenye sinia.

Mvua. Mvua ikinyesha juu ya bati.

Nje jua lilikuwa kali, wala mnara mzima haukuwa na bati hata moja. Bati lile liliuzwa chakavu siku nyumba ilipovunjwa.

"Makame," alisema, na safari hii hakuna aliyemwambia arudie. "Vunja mlango."

"Dada, mlango wa mtu?"

"Vunja!"

Makame alileta mtaimbo. Mlango ulipopasuka haukuanguka. Ulishikwa na kitu kwa ndani, ukaning'inia. Walipousukuma, mizizi iliyokuwa imesukwa nyuma yake kama ukili wa jamvi ikalegea taratibu, moja baada ya nyingine, ikawapisha.

Ndani palikuwa na baridi na harufu ya udongo uliolowa. Hapakuwa na kitanda tena. Palikuwa na susu kubwa ya mizizi iliyoshuka kutoka darini, na ndani ya susu, akiwa amelazwa ubavu, amefunikwa khanga yake kwa uangalifu hadi mabegani, alikuwemo Bi Mwanamvua.

"Amekufa," alinong'ona Makame.

Jicho moja likageuka likawatazama.

Makame alirudi nyuma hadi akagonga ukuta. "Astaghfirullah. Astaghfirullah. Dada, tazama mkono."

Sikudhani akautazama. Nyuzi nyeupe, nyembamba, zilishuka kutoka kwenye mzizi mmoja zikaingia kwenye kigimbi cha mkono wa bibi, chini ya ngozi. Zilikuwa zikidunda polepole, zikifuata mapigo ya moyo.

Alikaa chini palepale, kwenye sakafu yenye maji, na jambo la kwanza lililomjia halikuwa la maana kuliko yote, lakini ndilo lililomchoma: wiki baada ya wiki, alikuwa akiuamkia mti shikamoo. Na mti ulikuwa ukiitikia marahaba.

*

Daktari Ngonyani alipanda kutoka zahanati akiwa bado na glavu mkononi. Alimpima Bi Mwanamvua kwa muda mrefu. Alimgeuza kidogo, akautazama mgongo, akautazama tena kama mtu asiyeamini macho yake.

"Kiharusi," alisema hatimaye. "Upande wa kulia wote, na ulimi. Si cha jana wala cha juzi. Tazama mguu ulivyokonda. Lakini mgongo hauna kidonda hata kimoja. Unajua kazi ya kumgeuza mgonjwa wa hivi, usiku na mchana? Wodini watu wenye mikono huwa wanashindwa."

"Mti umemgeuza," alisema Sikudhani.

"Umemgeuza, umempa maji, umempa na utomvu wenye sukari. Hii hapa ni dripu, dada yangu. Sijapata kuiona ya hivi, lakini ni dripu."

"Unaweza kuitoa?"

"Naweza, nikipewa nafasi. Nyuzi zimeshika mshipa. Nitazitoa mmoja mmoja, kwa siku kadhaa, zikiwa hai. Zikifa zikiwa ndani zitaoza ndani, na atakufa nazo."

Kwenye korido palikuwa pameshajaa watu. Waligawanyika kumpisha Mwenyekiti Pazi, kiongozi wa kamati ya wapangaji, mtu mwenye kifua kipana na fimbo ambayo hakuihitaji. Alifika kizingitini, akachungulia, akauona mkono. Rangi ikamtoka usoni. Hakuingia.

"Zima," alisema.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Tuache shikamoo. Mti umeingia ndani ya mtu. Zima Kiini, mizizi ife, tuhamie hata kwenye mahema. Sheria ni yako mwenyewe, uliiandika wewe: mzizi ukiingia bila kukaribishwa, jengo linazimwa. Inatakiwa sauti yangu na yako. Yangu hii hapa. Nasema zima."

"Ukizimwa, Bi Mwanamvua anakufa."

"Na usipozimwa?" Aligeukia umati. "Mimi nina wajukuu wanalala ghorofa ya kumi na moja. Leo kaingiliwa bibi kizee, kesho nani? Na si kuingia tu. Mti umeongopa! Umekaa hapa ukitujibu kwa sauti yake kama jini!" Akamrudia Sikudhani. "Ulituahidi mti wenye adabu. Jina lako Sikudhani, sawa. Ndiyo ukaja kuchora jengo la watu, halafu useme hukudhani?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza upesi. Sikudhani alihisi machozi yakipanda. Tangu utotoni hakuwa mtu wa kujibizana, na Mwenyekiti hakuwa amesema uongo hata kidogo. Alichukua kishikwambi cha Makame.

"Kiini kinatunza sauti za mlangoni," alisema. "Naomba tusikilize kwanza. Tusikilize tu."

Akatafuta nyuma, siku baada ya siku, hadi pale mstari wa maji ulipoanza kunenepa. Kipaza sauti cha mlango kikakwaruza.

Walisikia sufuria ikianguka. Walisikia kitu kizito kikianguka baada ya sufuria. Halafu kimya, halafu sauti ya mti, ileile ya bibi alipokuwa mzima: "Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya. "Hodi."

Hapo ndipo mzizi ulipotakiwa kugeuka. Haukugeuka. "Hodi," ulisema tena. "Hodi. Hodi. Hodi." Uliendelea bila kuchoka, bila kupandisha sauti, hadi mwanamke mmoja kwenye korido akaziba masikio. Na mwishowe, kutoka sakafuni, ikasikika sauti ya mtu: "Ka..." Kisha mkoromo.

Mizizi ikasikika ikiburuzika.

"Kasema karibu!" alisema Makame.

"Kaguna," alisema Mwenyekiti. "Anakata roho, anaguna. Binti, ilikuwa karibu au alikuwa anaguna?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Sijui, Mwenyekiti."

Rekodi haikuwa imekwisha. Sasa zilikuja sauti za nje ya mlango. Jirani wa kushoto: "Bi Mwanamvua, hujambo?" "Sijambo, mwanangu. Nimepumzika tu." "Haya." Ndara zikaondoka. Msichana wa kuuza vitumbua. "Sijambo, mwanangu." "Haya, bibi." Halafu sauti nene iliyojulikana na wote: "Shikamoo, Bi Mwanamvua! Usisahau kikao cha jioni. Hujambo lakini?" "Sijambo, mwanangu. Nimepumzika tu." "Haya, pumzika, mama." Na fimbo ikagonga sakafu, ko, ko, ko, ikienda zake.

Kisha sauti ndogo ya Sikudhani mwenyewe. Na tena Sikudhani. Na tena.

Akaizima. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Kwa nini utudanganye?" aliuliza jirani wa kushoto, karibu kulia. "Ungesema tu. Ungesema anaumwa."

Sikudhani alikuwa akijiuliza hilohilo, na jibu lilipomjia lilimjia kama maji ya baridi mgongoni. Alikumbuka ile masika. Bi Mwanamvua akiwa na homa, anatetemeka ndani ya shuka: hujambo, bibi? Sijambo, mwanangu. Siku jino lilipomvimbisha shavu: sijambo. Asubuhi ile tingatinga lilipokuja kuvunja nyumba aliyozalia watoto wake wote na kuwazika wawili, alisimama uani na ndoo mkononi, na Sikudhani akamuuliza kwa aibu, bibi, hujambo? Sijambo, mwanangu. Yote yalirekodiwa. Yote kilipewa Kiini kijifunze.

"Haukudanganya," alisema. "Uliitikia. Tuliufundisha kwamba sijambo si habari. Ni kama marahaba, ni nusu ya pili ya salamu. Haukuwahi kumsikia bibi akiulizwa hujambo akajibu kitu kingine. Hakuna hata mmoja wetu anayejibu kitu kingine."

"Maneno matamu," alisema Mwenyekiti, lakini polepole. "Bado hujui kama alikaribisha."

"Bado sijui. Na nikikwambia najua, nitakuwa nimekujibu sijambo."

Akaingia ndani. Alipiga magoti kando ya ile susu, akaweka uso wake mahali ambapo jicho zima lingemwona. Alitaka kuuliza, bibi, ulisema karibu? Akajizuia. Alimjua. Hata sasa, na nusu ya uso wake imeanguka, Bi Mwanamvua angetafuta namna ya kujibu ambayo haitamsumbua mtu. Lilihitajika swali lisilo na jibu la adabu.

"Daktari, anatusikia?"

"Anasikia, na anaelewa. Jicho la kushoto analifumba akitaka. Nimeshamjaribu."

"Bibi." Akasogea karibu zaidi. "Huyu mti uko ndani ya mkono wako. Kama hukuutaka, kama unataka tuuzime leo, hata kama ni hatari, ni haki yako. Nitatoa sauti yangu sasa hivi. Ukitaka tuuzime, fumba jicho."

Watu walijazana mlangoni. Mwenyekiti alikuwa mbele yao, ncha ya fimbo juu ya kizingiti.

Jicho lilibaki wazi. Likajaa maji. Kope ikatetemeka, mtu angedhani itaanguka, lakini bibi alilishikilia, akalishikilia, kama mtu anayeuzuia mlango usifungwe na upepo, na machozi yakamtiririka hadi kwenye khanga. Halikufumba.

"Basi, bibi," alisema Sikudhani, naye akilia. "Basi. Nimeona. Pumzisha."

Hapo ndipo jicho lilipofumba.

*

Alifanya kazi palepale sakafuni, kishikwambi mapajani. Kwenye mafundisho ya Kiini alilitafuta lile neno sijambo, akaliondoa. Mwenye nyumba akiweza kujibu mwenyewe, ajibu apendavyo, aseme sijambo hata mara mia, ni siri yake. Lakini asipoweza, mlango usimwitikie kwa mazoea. Useme hali ilivyo.

"Bustani je?" aliuliza Makame.

"Itakufa. Maji hayatoshi bustani na yeye."

"Mchicha upo sokoni chini," alisema jirani wa kushoto, kisha akaona haya kwa kusema.

Mwenyekiti Pazi hakuwa ameondoka kizingitini. "Sauti yangu bado ni ileile," alisema. "Zima. Siku moja mti huu utaingia kwa mtu asiyetaka, atagunia maumivu yake, nao utasikia karibu. Utasema nini siku hiyo?"

"Sina la kusema. Ndiyo siku ninayoiogopa."

"Kwa hiyo?"

Sikudhani alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Kwa hiyo tusiuachie mti peke yake kupiga hodi."

Mwenyekiti alimtazama Bi Mwanamvua, aliyekuwa amelala sasa, na Daktari Ngonyani aliyeinama juu ya mkono wake akiushika uzi wa kwanza kwa koleo dogo. Umati ulianza kupungua, watu wakitembea kwa ncha za vidole. Alibaki yeye. Alikohoa. Akasimamisha mabega kama afanyavyo mtu mlangoni pa mkubwa wake, na pengine hakujua kwamba amesema kwa sauti.

"Hodi. Shikamoo, Bi Mwanamvua."

Mlango haukuitikia marahaba.

"Hujambo lakini?"

Kipaza sauti kikakwaruza. Kilikaa kimya kirefu, kama kinatafuta ndani ya masika nzima. Kisha ikaja sauti ya bibi, maneno yaliyookotwa siku mbalimbali na kuunganishwa vibaya, moja likiwa na mvua nyuma yake, jingine jogoo, jingine kishindo cha tingatinga.

"Si. Mzima. Ingia."

Mwenyekiti Pazi aliiegemeza fimbo ukutani. Akavua viatu, akaingia.